Kiti cha Aliyebaki Chini

Navakholo,
9 Februari 1997

Kwa pacha wangu Philemon Mukhwana, Nairobi.

Salamu ni nyingi kupita majani ya miwa yangu, na miwa yangu mwaka huu imefunika nyumba, mtu akipita barabarani haoni mabati. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Watu wa umri wetu hapa wanaandikiwanga. Mimi nilisoma ngumbaru miezi mitatu, mwalimu akasema hana kitu kingine cha kunifundisha.

Tangu tumzike kaka yetu Titus ni wiki tatu. Wewe ulirudi Nairobi kesho yake mapema ukaniachia wageni. Sina neno. Lakini kuna mambo mawili yamenikaa kooni.

La kwanza. Pale matangani mama mmoja wa Mayoni alinishika mkono akasema, "Pole mzee, naona hata mwanao amefika kutoka mbali." Mwanangu. Alikuwa anakuonyesha wewe. Mimi na wewe tulilala tumbo moja tukazaliwa siku moja, na tuna miaka sitini na sita. Lakini nywele yako ni nyeusi tii, uso hauna mstari, na mimi nimekunjana kama gunia la mbolea. Ulicheka. Nilikuona.

La pili. Beldina ni mke wangu miaka thelathini na minne. Siku ile alichinja ingokho, yule kuku mkubwa, na ile imondo, firigisi, ambayo hata mtoto anajua ni ya mwenye boma, akaiweka kwa sahani yako. Nikamuuliza. Akasema mkono uliteleza. Mkono wa Beldina hautelezangi.

Sasa kiti. Titus alikuwa anakalia kiti cha baba, kile cha miguu mitatu, kwa sababu ndiye alikuwa mkubwa. Ukoo umesema tarehe 13 Desemba watachinja kondoo wamkalishe mkubwa aliyebaki. Anayekikalia ndiye anasema kwanza kwa kila kikao, mahari, mazishi, mpaka wa shamba. Wanasema ni wewe. Eti wewe ulitoka asubuhi ng'ombe wakienda malishoni, mimi nikatoka wakienda kunywa maji. Masaa nne. Nani alikuwa na saa? Na mimi ndiye nilikutuma utangulie uone kama kunanyesha.

Wewe ulikuwa angani kwa ndege yako. Mimi nilibaki na boma. Fikiria hiyo.

Ni mimi,
Barnaba Mulongo, mwenye boma

~

Nairobi,
2 Machi 1997

Pacha wangu Barnaba,

Barua yako imefika, nikacheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Usimlaumu yule mama wa Mayoni. Mtu aliyekaa angani miaka thelathini hawezi kufanana na mtu aliyekaa juani. Huko juu hakuna vumbi, hakuna mbu, hakuna wa kukuomba jembe. Nilikuwa nikinywa chai London asubuhi, jioni niko Bombay nawagawia abiria chakula, mawingu chini yetu yametandazwa kama pamba. Ndege inakwenda mbio hata mtu husahau leo ni siku gani. Ndiyo dawa yangu ya uso, na dukani haiuzwi.

Imondo niliila, ilikuwa tamu. Msalimie Beldina.

Kiti ni changu, na wewe unajua. Hata majina yetu yalishasema: Mukhwana hutangulia, Mulongo hufuata. Usijali, utakaa kulia kwangu. Tafuta kondoo mnono.

Wako,
Philemon

~

Navakholo,
16 Machi 1997

Kwa binti yangu Khalayi, mwalimu wa fizikia, Ekero.

Mama yangu, nakuita hivyo kwa sababu nilikupa jina la mama yangu, na hakuna mtoto nilimpenda hivyo, usiwaambie wengine.

Krismasi iliyopita uliwaambia wenzako habari ya mtu anayesafiri mbio sana akachelewa kuzeeka. Mlidhani nimelala. Mimi silalangi, nafunga macho tu. Nataka uniandikie hiyo habari vizuri, kwa karatasi ya shule, na muhuri ukipatikana upige. Useme mambo ya mapacha. Baba yako mkubwa Philemon ameandika mwenyewe, barua ninayo, kwamba alikuwa anakwenda mbio hata anasahau siku.

Ng'ombe wa gredi amezaa jike. Daktari wa mifugo alisema hajaona ndama kama huyo wilaya nzima.

Baba yako,
Barnaba Mulongo

~

Ekero,
4 Aprili 1997

Baba mpendwa,

Nafurahi mko salama. Muhuri wa shule sina ruhusa kuupiga, lakini habari yenyewe nakuandikia.

Ni kweli. Wakati hauendi sawa kwa watu wote. Mwanga ndio wenye mbio kuliko vyote: kwa sekunde moja ungeizunguka dunia mara saba na zaidi. Sasa chukua mapacha wawili. Mmoja abaki nyumbani, mwingine apande chombo kinachokaribia mbio za mwanga, aende mbali kwenye nyota kisha arudi. Saa yake haijaharibika, moyo wake unapiga kama kawaida, yeye mwenyewe haoni tofauti. Lakini akishuka, kwake imepita miaka kumi, na pacha wake aliyebaki amemaliza arobaini. Aliyesafiri sasa ni mdogo kwa miaka thelathini. Si ndoto wala uchawi.

Ukurasa huu wa pili, baba, usome polepole. Ndege si chombo cha namna hiyo. Ndege ya abiria haifikishi hata sehemu moja kati ya milioni moja ya mbio za mwanga. Nimekadiria kwamba baba mkubwa aliruka saa mia saba kila mwaka kwa miaka thelathini. Alichookoa ni sehemu ishirini na sita kati ya milioni moja za sekunde moja. Ukipepesa jicho mara moja umepoteza zaidi ya hapo mara elfu kadhaa. Yale masaa manne ya kuzaliwa hayaguswi.

Najua unataka kuifanyia nini barua hii. Tafadhali usifanye.

Binti yako,
Khalayi

~

Navakholo,
27 Aprili 1997

Kwa ndugu yangu mdogo Philemon.

Umeona nimekuita nini. Zoea.

Jumapili iliyopita nilikusanya wazee wa ukoo kwangu, nikawapa chai ya maziwa na viazi vitamu, nikasimama nikasoma barua ya mwalimu wa fizikia mwenye digrii. Nilisoma bila kukwama. Inasema wazi, mapacha wakiwa wawili, mmoja abaki nyumbani, mwingine aende mbio, yule wa mbio anarudi akiwa mdogo. Kumi kwa arobaini. Ukurasa wa pili ni wa hesabu, sikuwachosha nayo.

Mzee mmoja akauliza kama hiyo imethibitishwa. Nikamwambia, uthibitisho ulikula imondo yangu Januari, mlimwona wote. Nani kati yenu hakudhani ni mwanangu? Hapo wakacheka, na mtu akicheka amekubali.

Kwa hivyo mambo ni hivi. Ulizaliwa kwanza, sikatai tena, nimekuachia. Lakini ulitumia ukubwa wako huko angani ukaumaliza. Mimi nilikaa hapa nikazeeka kwa halali, siku moja kwa siku moja, sikuruka hata moja. Mkubwa ni yule aliyezeeka.

Wazee wameomba kitu kimoja. Wanasema watu wa ndege wanaandikiwanga saa zao kwa kitabu. Ukuje na hicho kitabu tarehe 13 Desemba, kisomwe mbele ya watu. Saa zikiwa nyingi, kiti ni changu.

Ni mimi mkubwa wako,
Barnaba Mulongo

~

Ekero,
12 Mei 1997

Baba,

Mama ameniambia ulisoma nusu ya barua yangu. Nimeona haya mbele ya wazee wale.

Na kwa kuwa umeanza, acha nikumalizie, kwa sababu kuna jambo sikukuandikia nikidhani halitahitajika. Si mbio peke yake zinazogusa wakati. Uzito wa dunia nao unaugusa. Aliye chini, karibu na udongo, wakati wake huenda polepole kidogo. Aliye juu, wake huenda haraka. Wataalamu walishapandisha saa sahihi sana kwenye ndege wakaona yote mawili.

Nimepiga hesabu upya. Kwa mbio, baba mkubwa aliokoa zile ishirini na sita. Kwa kukaa juu, alipoteza sabini. Zinabaki arobaini na nne, na zote zinamzidishia yeye. Ikiwa aliruka miaka hiyo yote, baba, hakurudi mdogo. Ameongezeka ukubwa. Mdogo ni wewe uliyebaki chini, na sasa mdogo zaidi kuliko ulivyozaliwa.

Wasomee wazee hii pia. Ni haki yao.

Khalayi

~

Nairobi,
8 Juni 1997

Barnaba,

Barua yako nimekaa nayo mwezi mzima. Kitabu cha saa hakipo.

Hakipo kwa sababu sikuruka. Nilipanda ndege mara moja tu, mwaka 1969, siku ya wafanyakazi, ikatuzungusha juu ya Nairobi dakika ishirini ikatushusha. Miaka thelathini nilifanya kazi jikoni hapa Embakasi, jiko linalopika chakula cha kupakiwa kwenye ndege. Nilifunga vijiko kwenye karatasi. Kijiko, uma, kisu, kitambaa. Kisha nikapandishwa cheo, nikawa wa kuhesabu trei. Zile barua zenye stempu za London na Bombay niliwapa wahudumu wa ndege wakanipostia huko.

Uso wangu ni wa kivuli, ndugu. Sikushika jembe. Na nywele ni rangi ya chupa, hupaka kila mwezi.

Utauliza kwa nini. Mwaka 1961 nilipoondoka nyumbani nilimwambia Beldina nitarudi nimeshuka kwenye ndege. Alikuwa amenisindikiza hadi barabarani, nadhani hukujua. Baada ya miaka miwili nikapata habari umemwoa. Ningerudi vipi kuwaambia nyinyi wawili kwamba nafunga vijiko? Kila mwaka wewe uliandika mtoto, ng'ombe, mabati, ekari. Na mimi nikaongeza mji mwingine kwenye safari zangu. Nilikuwa na wivu, Barnaba, kila nilipoandika Bombay.

Sasa umeniweka pabaya. Nikisema niliruka, kiti ni chako. Nikisema sikuruka, kiti ni changu, lakini nitakikalia watu wakinicheka. Wewe ndiye unayo barua hii. Amua.

Philemon

~

Navakholo,
20 Julai 1997

Philemon,

Nimesoma. Nilifikiri nitacheka, nikaenda shambani nicheke vizuri. Cheko haikukuja.

Kwanza Beldina. Nilijua. Nilikuwa nyuma ya ua wa mtula siku ile. Ndiyo sababu nilipeleka ng'ombe kwao haraka hivyo. Sikuiba, ulikuwa umeenda.

Lakini kuna kitu kingine, na hicho sikusamehe. Mama alipokufa 1974 ulileta simu ya maandishi ikasema uko London, huwezi kufika. Ulikuwa Embakasi. Basi la asubuhi lingekuleta jioni. Mama tulimwosha mimi na shangazi zetu peke yetu, na watu wakiuliza Mukhwana yuko wapi, mimi nikaonyesha juu kwa kidole. Mimi, nikakusifu. Na mama mwenyewe, tangu siku ile uliandika eti unapitanga juu ya nyumba yetu, ndege ikisikika alikuwa anatoka nje. Hata akiwa mgonjwa. Anafungua kitambaa cha kichwa anakipunga. Anasema, "Philemon ameniona." Miaka tisa. Na mimi nikisimama pale na jembe kwa bega, hakuna mtu alinipungia kitambaa.

Unasema ulikuwa na wivu juu yangu. Ningejua hiyo mapema ningelala vizuri.

Sasa sikiliza. Nikiwasomea wazee barua yako, utakuwa kichekesho mpaka Bungoma. Lakini na mimi nitakaa kulia kwako, wewe utakuwa juu ya kiti. Kichekesho lakini juu ya kiti. Sitaki. Kwa hivyo uliruka. Umenisikia? Uliruka miaka thelathini, hukushuka ila kubadilisha shati. Kitabu cha saa kilinyeshewa. Mimi nitasema yote, wewe itikia tu.

Na Khalayi ameandika barua ya pili, kuhusu mambo ya kukaa juu. Hiyo sikuisoma vizuri, miwani haionekani.

Barnaba Mulongo

~

Nairobi,
10 Agosti 1997

Ndugu yangu,

Kuhusu mama sina la kujitetea. Siku ile nilifunga vijiko mia nane, nikafungua, nikavifunga tena. Sikujua habari ya kitambaa. Heri usingeniambia.

Nimekubali. Niliruka.

Philemon

~

Navakholo,
16 Desemba 1997

Kwa Philemon.

Ulifika salama nimesikia. Uliondoka na mapema tena, kama kawaida yako, kwa hivyo nakuandikia yale sikuweza kusema mbele ya watu.

Khalayi alikuja kutoka Ekero Ijumaa, uso umefungwa, akaniambia kesho atasimama aeleze ukoo ile barua ya pili, ya kukaa juu. Sikubishana. Nilimpa barua yako ya vijiko. Akaisoma mara mbili akisimama kwa mlango wa jikoni. Akanirudishia. Akasema atanyamaza, lakini si kwa ajili yangu. Msichana huyu ana kichwa kigumu, sijui alikitoa wapi.

Jumamosi uliona mwenyewe jinsi nilisimama. Hakuna mzee hapa anasimamanga hivyo. Nilisema ndugu yangu amekwenda mbio kushinda risasi. Nilisema amekula Bombay na London siku moja, amevuka juu ya mlima wenye barafu, rubani mwenyewe alikuwa anamuuliza njia. Hiyo ya rubani ilinitoka tu. Miaka thelathini nilikuwa nauma ulimi watu wakikusifu, na siku hiyo nikakusifu mwenyewe, kwa sauti, jasho likinitoka, mpaka yule mzee aliyeulizanga uthibitisho akapiga makofi. Na wewe umeinamisha kichwa, eti unyenyekevu. Na nywele umeipaka upya, nilinusa.

Wakasema basi, mwenye kuzeeka kwa halali akae. Nikakaa. Kiti ni kifupi kuliko nilivyodhani, magoti yakaja karibu na masikio. Nikapewa kidari cha kondoo. Nikasema neno la kwanza kama desturi, neno nililolitayarisha tangu Titus tumweke chini, neno zuri, lina mambo ya baba na mpaka wa mto. Nikaangalia kuona kama wamelisikia.

Walikuwa wamehamia kwako. Wote. Wamebeba viti vyao wenyewe wakakuzunguka, wazee, wanawake, hata wale wa kuchoma nyama waliacha moto. Wanakuuliza huko juu mtu anapumua nini. Wanakuuliza nyota ikiwa karibu inanukaje. Na wewe unajibu. Pole pole, kwa ile sauti yako ya kugawia abiria.

Halafu Beldina akatoka jikoni. Akafuta mikono kwa leso, akapita mbele yangu mimi niliye juu ya kiti cha baba, akaenda kusimama pale kwako. Akakuuliza wingu ukiligusa likoje. Ukamwambia ni baridi na laini, kama maziwa yaliyolala usiku kwa kibuyu. Hiyo uliitoa wapi, Philemon? Kwa trei? Na yeye akafumba macho kidogo, kama mtu ameligusa. Miaka thelathini na minne nimemletea ng'ombe, mabati, tanki la maji, hajafumba macho hivyo kwa kitu changu.

Ningeweza kusema. Maneno ilikuwa hapa kwa mdomo: jikoni, vijiko, Embakasi. Barua yako ilikuwa mfukoni mwa koti, naisikia kifuani. Ningesimama dakika moja, wangekuacha peke yako pale na kibuyu chako.

Lakini nikisimama, kiti kinabaki wazi.

Nikakaa. Nikatafuna nyama.

Ni mimi,
Barnaba Mulongo